Kashata nene ziliniponza: nilivyopata tairi za mvua ya Dar

Toyota IST yangu ilitoka bandarini na tairi za Japani zenye kashata (yale meno ya tairi yanayogusa barabara) nene kweli, kila mtu akawa ananambia nisiziguse. Fundi ndo alinihakikishia kabisa, "Dada, hizo utatembelea miaka mitano." Nikamuamini.

Masika yakaingia. Asubuhi nashuka mteremko wa Goba, mvua yenyewe manyunyu tu, bajaji ya mbele ikafunga breki ghafla na mimi nikakanyaga, gari wala halikusimama, likawa linaserereka kama barabara imemwagiwa sabuni, nikakata kushoto nikaingia kwenye mchanga, mtaro uko hapo hapo. Dereva wa bajaji akaja, "Pole sista, tairi vipara nini?" Akainama kuangalia, kashata zipo zote.

Nikarudi kwa fundi, akasema punguza upepo zishike. Nikapunguza. Wiki nzima usukani mzito, gari linayumba kwenye kona, nikifika Posta nikigusa tairi ni ya moto haswa. Jamani msipunguze upepo kwa safari za lami, tairi inachemka mpaka inaweza kupasuka. Rudi kwenye kile kibandiko cha mlango wa dereva, changu kimeandikwa 220 (kPa), ambayo kwenye mashine zetu za upepo ni kama 32 (PSI).

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja muuza tairi kule Ilala. Hakuniuliza chochote, alifuta tope ubavuni kwa kidole yakatokea maandishi STUDLESS. "Mwanangu, hizi ni za theluji." Akabonyeza ukucha kwenye kashata, ukazama. Kumbe mpira wake umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi kali, sasa ukiuleta kwenye lami ya Dar yenye joto unalegea, na vile vichanjo vyembamba kama vya wembe vinapindapinda ukishika breki. Halafu akanionyesha namba 4 za mwisho kwenye mstari wa DOT, ule uliochapwa ubavuni mwa tairi: 3614. Wiki ya 36, mwaka 2014! Nimetembelea mpira wa zamani hivyo na watu wananisifia.

Tangu hapo namba hizo nazisoma kwanza hata kabla ya bei. Mitumba niliizunguka siku nzima na tochi ya simu, mingi imepakwa dawa inang'aa ila ukiikunja kidogo mipasuko hiyo hapo.

Nilitaka zile za tope sababu kilomita ya mwisho kwangu ni udongo mtupu, mzee akanikatalia: lami unatembea kutwa, tope dakika tano. Nikachukua 4 mpya za kawaida, zenye mifereji mipana ya kuzunguka inayotoa maji, kama laki na ushee kila moja.

Mteremko ule ule, mvua kubwa zaidi, nimekanyaga gari likatulia palepale.

Zile za zamani fundi alizitaka amuuzie mtu. Nikamwambia hapana, nikamlipa kijana wa pancha akazikata ubavuni kwa msumeno, zote nne, nikiwa nimesimama naangalia.