Nimesamehewa, Mbona Bado Nataka?

Jumapili, usiku.

Kuna maneno yanayosemwa sana kwenye maombezi yetu ambayo natamani tuyaache: "Ukitubu kweli, hamu itaondoka yenyewe." Anayeyasema huwa na nia njema. Lakini anayeyasikia, kama ni mtu aliyefungwa na video za ngono, hurudi nyumbani na mzigo mzito kuliko aliokuja nao. Siku zitapita, hamu itarudi, naye atajiambia kwamba toba yake ilikuwa ya uongo, au kwamba Mungu amemchoka. Akishafika hapo hana tena cha kulinda, basi anafungua simu.

Watu wanaokuja kuzungumza nami kuhusu jambo hili hawaanzi na jambo lenyewe. Huanza na usingizi, au na ndoa iliyopoa, au na ibada ya asubuhi isiyokuwa na ladha. Kisha macho yanashuka na sauti inapungua. Kaka mmoja alisema hivi karibuni: "Kama nimesamehewa, mbona bado nataka? Na siku hizi hata sifurahii." Hayo maneno ya mwisho hayajanitoka kichwani. Anakiendea kitu kisichompa raha, tena anakiendea kwa nguvu kuliko zamani kilipokuwa kinampa.

Wanaochunguza ubongo wamekuta jambo linalofanana sana na hilo. Miaka ya 1990, mwanasayansi Wolfram Schultz alikuwa akipima seli za ubongo wa kima, zile zinazotoa kemikali iitwayo dopamini. Kima akipewa tone la juisi bila kutarajia, seli zinachangamka. Lakini juisi ikitanguliwa na ishara, tuseme taa, mara nyingi vya kutosha, mchangamko unahama. Seli zinawaka taa inapowaka, na juisi yenyewe ikifika hazishtuki tena. Juisi isipokuja, zinazimika kwa muda, wakati uleule ilipotarajiwa.

Nikisoma hayo huwa najiuliza: taa ya ndugu yangu huyu ni ipi? Pengine ni mlango kufungwa. Pengine ni mwenzake kusinzia, simu ikiwa kwenye chaji kando ya mto. Kwa mwingine ni upweke wa alasiri ya siku ya mapumziko, au kugombezwa kazini. Ubongo umeshafundishwa kwamba baada ya hayo kinakuja kitu fulani, na unaanza kukidai kabla hajaona picha hata moja. Ndiyo maana akisema "nilikuwa nimeshika simu tu," mimi namwamini. Mapambano yalianza zamani, wakati yeye alidhani bado yuko salama.

Kent Berridge na Terry Robinson wa Chuo Kikuu cha Michigan walieleza mwaka 1993 kwamba kutaka na kufurahia ni vitu viwili tofauti ndani ya ubongo, na kwamba uraibu unaweza kukuza kutaka bila kuongeza kufurahia. Mwaka 2014, Valerie Voon na wenzake kule Cambridge waliwapima wanaume waliokuwa wameshindwa kujizuia na mambo haya, wakawalinganisha na wanaume wengine. Wale wa kwanza walizitaka video zaidi, lakini hawakuzipenda kuliko wenzao. Kaka yangu hajawahi kusikia habari za utafiti huo, ila alinieleza matokeo yake kwa maneno yake mwenyewe.

Ongeza hapo kwamba ubongo huchangamkia kipya, na intaneti haiishiwi na kipya. Wengi wanakiri kwamba muda mwingi unaishia kwenye kutafuta. Kidole gumba kinapandisha skrini, kinafungua, kinafunga, kinafungua nyingine, saa nzima inapita na hakuna kilichotosha. Kinachofunzwa hapo ni kutotosheka. Na kuna linaloniuma zaidi ya dopamini: kila anayepitishwa chini ya kidole kile ana jina, ana watu wake, na Kristo alimfia. Mwingine hakuwepo pale kwa hiari yake. Ukijizoeza mwaka baada ya mwaka kutazama watu bila kutaka kujua ni nani, jicho hilohilo ndilo utakalomtazamia mkeo, mumeo, na dada anayeketi kiti cha mbele kanisani. Bwana alisema, "Kila mtu atazamaye mwanamke kwa kumtamani, amekwisha kuzini naye moyoni mwake." Sayansi haijaipunguza dhambi hiyo hata kidogo.

Lakini tusitie chumvi. Nimesikia ikihubiriwa kwamba video za ngono "zinakula ubongo." Chanzo kimojawapo ni utafiti wa Simone Kühn na Jürgen Gallinat uliofanyika Berlin na kutolewa mwaka 2014. Katika wanaume 64, waliotazama saa nyingi zaidi walikuwa na kiasi kidogo zaidi cha tishu ya kijivu, yaani ile iliyojaa seli za ubongo, katika sehemu moja inayohusika na raha ya kupata kitu na hamu. Watafiti wenyewe walisema haijulikani kama kutazama ndiko kulikopunguza, au kama wenye ubongo wa namna hiyo ndio wanaotazama zaidi. Tuseme hivyohivyo. Kijana akigundua kwamba tulimdanganya kuhusu ubongo, kwa nini atuamini tunapomweleza habari za msalaba?

Vilevile Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, limeingiza tatizo la kushindwa kudhibiti tabia za ngono, lakini halikuliweka kundi moja na uraibu wa pombe au kamari. Likaongeza kwamba kuteswa na dhamiri peke yake hakutoshi kumhesabu mtu kuwa mgonjwa. Wakristo wengine wanaliona hilo kama dharau kwa imani. Mimi naona linatusaidia sisi tunaosikiliza watu. Yupo aliyetazama mara chache, analia kama aliyefiwa. Huyu anahitaji Injili na rafiki. Yupo ambaye kazi imeyumba, usingizi umekwisha, amejaribu kuacha na hawezi; huyu anahitaji hayo, na pamoja nayo mshauri au daktari anayelijua tatizo. Kumkemea pepo wa zinaa kila Ijumaa bila kumuuliza analala saa ngapi na simu iko wapi ni kumpenda nusunusu.

Usiku huu nimesoma tena Hesabu sura ya 11. Israeli walitoka Misri usiku mmoja. Bahari iligawanyika na walivuka, hilo hakuna anayelitilia shaka. Halafu jangwani wakalia wakikumbuka samaki, matango, matikiti, vitunguu. Walikumbuka hata kwamba samaki walikula bure. Bure! Watu waliochapwa mijeledi, ambao watoto wao wa kiume walitupwa mtoni, walikumbuka matango. Hamu haikukumbuka minyororo. Ilichagua ladha, ikatupa yote yaliyobaki, na hivi ndivyo inavyofanya saa sita za usiku kwa mtu aliyeapa asubuhi. Sijaona popote Mungu akisema kwamba, kwa kuwa walitamani vya Misri, basi kuvuka kwao hakukuwa kweli. Katika sura hiyohiyo Musa bado anawaita watu wa Bwana. Wala Mungu hakuibembeleza tamaa hiyo, maana walioifuata walizikwa mahali palepale. Yote mawili yamo katika sura moja, nami sitaki kuchagua moja niache jingine.

Hamu kurudi hivyo, hata Pavlov, mwanasayansi Mrusi aliyezoeza mbwa kudondokwa na mate kwa ishara ya chakula, alilikuta kwa mbwa wake. Mazoea yaliyozimwa kwa kutoa ishara bila chakula yalirudi yenyewe baada ya mapumziko, maana fundisho jipya halifuti la zamani, linawekwa juu yake. Kwa hiyo mtu aliyekaa miezi mingi salama, kisha akapata msiba au akalala peke yake chumba cha ugenini, asishangae hamu ikimgongea kana kwamba haijawahi kuondoka. Huko kugonga si kuanguka. Anachofanya baada ya hapo ndicho atakachoulizwa.

Nimemwambia kaka yangu afanye kama Yusufu, ambaye hakubaki chumbani kumkemea mke wa Potifa. Aliacha vazi akakimbia. Simu ilale chumba kingine. Asiombe akiwa ameishika mkononi, atoke kwanza ndipo aombe. Na awe na mtu wa kumpigia kabla, si baada. Yakobo aliandika, "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa." Msamaha anaupata kwa Mungu palepale. Uponyaji Yakobo ameuweka katikati ya watu, nami nimeshaona sababu: siri ikikaa peke yake na mtu inakuwa taa nyingine ya kuwasha hamu. Aibu inaumiza, maumivu yanatafuta pa kutulia, na ubongo unapajua mahali pamoja tu.

Nimalizie na la dada zetu. Mahubiri yote ya jambo hili huanza na "ninyi vijana wa kiume," na kuna dada aliyeniandikia kwamba kila akisikia hivyo anajiona kiumbe wa ajabu, kana kwamba ni yeye peke yake duniani. Si peke yake. Nilimwomba ruhusa nimshirikishe mama mmoja mwenye busara katika maombi, bila kumtaja kwanza, akakubali. Mama yule hakushtuka. Aliniambia wapo wengine aliokuwa akiwashuku kwa muda mrefu na hakujua aanzie wapi. Wataanza kukutana wiki ijayo nyumbani kwake, wachache tu, bila tangazo la kanisani, na ameomba wanaume tusiulize nani amekwenda.