Paa linalotakiwa kuvuja

Kwetu Kilifi paa la makuti hupimwa kwa mvua. Likivuja, fundi aliyeezeka hapati kazi nyingine mtaani. Mimi nimeolewa Toronto, kwenye familia ya Kiyahudi, na kila Sukoti, ile Sikukuu ya Vibanda, nasaidia kuezeka paa ambalo likizibika kabisa halifai.

Sharti lake ni kufunikwa kwa kitu kilichoota ardhini kikakatwa. Kivuli kizidi jua, ila usiku nyota zionekane. Sisi tunaweka matawi ya msonobari na mabua ya mahindi. Kabla sikukuu haijaingia nilimpigia mama kwa video nikamwonyesha. Akanyamaza kidogo. "Fundi mmeshamlipa?" Nikamwambia fundi ni mkweo. "Basi mwambie apande tena."

Usiku wa kwanza tulikula kibandani, makoti mwilini. Mama mkwe alikuja na kabichi zake zilizofungwa nyama na wali, mchuzi wa nyanya wenye zabibu kavu (mtamu mno kwangu, lakini sisemi). Mimi nilikuwa nimepika kuku wa kupaka. Kwa sheria yao nyama haichanganywi na maziwa, ila tui si maziwa. Hata hivyo mama mkwe hutaka vipande vya nazi viwekwe kando ya sinia, mgeni asije akadhani ni krimu. Watoto huvimaliza kabla ya kuku.

Mvua ikatukuta kwenye supu. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, imeweka kipimo: ruhusa ya kutoka kibandani ni pale uji unapoharibika. Baba mkwe akaonja supu yake, akasema bado. Wifi yangu alikuwa ameshakumbatia mkate. Baba mkwe akaonja tena. "Sasa haina chumvi." Tukakimbia na masufuria.

Lakini kilichonikaa zaidi ni alasiri ya kabla ya hapo. Baba mkwe alikuwa anafunga lulavu ya ibada ya sikukuu, kuti changa la mtende pamoja na mihadasi na mierebi, kwa vipete anavyovisuka mwenyewe kwa jani la mtende. Nikachukua jani moja nikamsukia ukili, kama bibi alivyonifundisha. Akavua miwani, akataka nirudie polepole. Vidole vyake ni vizito. Jani la kwanza likachanika, la pili pia. La tatu likatoka limepinda upande.

"Hili ndilo nitakwenda nalo sinagogi," akasema, akaking'oa kipete chake cha zamani.