Kunguru naye aandikwe

Ukitaka orodha yako ya ndege iwafae wanaotunza kumbukumbu za Kenya Bird Map, ramani ya ndege wa Kenya inayojengwa kwa orodha za wajitoleaji, anza na wale ambao hakuna anayehangaika kuwatazama. Kunguru, yangeyange, mbayuwayu, njiwa wa kwenye paa, wote waingie. Mimi naishi Dabaso, karibu na hori ya Mida, na hili ndilo wajitoleaji wa ramani hiyo walilonisisitizia kuliko lolote.

Nchi imegawanywa kwa miraba, kila mmoja kama kilomita 9 kwa 9. Unaingia mraba mmoja, unatafuta ndege kwa muda usiopungua saa 2, na kila aina unaiandika mara moja, kwa mfuatano ule ule uliowaona au kuwasikia. Waweza kuongeza wengine hadi siku ya 5, kisha orodha inafungwa. Anayeichambua anatazama aina fulani imetokea kwenye orodha ngapi kati ya zote za mraba huo. Kwa hiyo hata ndege aliyetafutwa saa 2 asionekane, kutoonekana kwake ni habari. Orodha ya ndege adimu peke yao haitoi hesabu hiyo. Na huyu kunguru wa Kihindi anayekula mayai na makinda ya wenzake, tutajuaje amefika wapi ikiwa sote tunamruka?

Natumia apu ya BirdLasser, inayoshika mahali na saa hata pasipo intaneti, halafu natuma nikifika penye mtandao.

Mida napanga saa zangu kwa kufuata maji. Yakikupwa kabisa, ndege wametawanyika mbali kwenye tope na huoni ila vidoa. Nafika kwenye daraja la mbao lipitalo mikokoni maji yanapoanza kujaa. Kadiri yanavyopanda ndivyo yanavyowasukuma sululu na vitwitwi, ndege wa ufukweni, kuja upande wangu. Hapo huja pia Dromas mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene. Huyu huzaliana Oman, Ghuba na Bahari ya Shamu, akichimba shimo mchangani na kutaga yai moja, kisha hushuka pwani yetu kuanzia Agosti hivi na kukaa hadi Aprili.

Mwaka mmoja niliwaona Dromas mwezi wa Juni. Nilipotuma, mmoja wa wanaopitia rekodi akaniandikia: "Dada, migongo ilikuwa myeusi au ya kijivu?" Swali zuri sana, kwa sababu kijivu ni cha wachanga, na baadhi yao ambao hawajafikia kuzaa hubaki huku. Daftari langu lilikuwa na jibu: mgongo wa kijivu, kisogo kina michirizi, wamesimama na sululu. Nikaongeza picha niliyoipiga kwa simu kupitia darubini, hafifu lakini yenye kutosha, na rekodi ikapita. Ndege nisiyemtarajia namwandika sifa zake kabla sijafungua kitabu, maana kitabu kikishafunguliwa macho huanza kuona kilichochorwa.

Kuna kitu kimoja sikitangazi. Bundi mdogo wa Sokoke, wa kimo cha sentimita kama 16, hulala mchana kwenye vichaka vya msitu wa Arabuko-Sokoke. Kichaka chake kikijulikana, wageni hawamwachi apumzike. Mraba wa kilomita 9 unatosha kabisa kwa ramani, kwa hiyo kichaka chenyewe tunabaki nacho mimi na mratibu wa ramani.

Sasa nguvu zangu nazipeleka msitu wa Dakatcha, bara ya Malindi. Kwera wa Clarke, ndege afumaye kiota chake, alitambulishwa kwa sayansi mwaka 1913, anaishi kaunti ya Kilifi peke yake, na kwa miaka mia nzima hakuna mtaalamu aliyejua anazalia wapi. Mwaka 2013 kikundi cha wenyeji wa uhifadhi cha Dakatcha kikagundua viota vyake, vimefumwa kwenye nyasi za kinamasi kinachojaa msimu wa mvua. Kinamasi cha namna hiyo hakijai kila mwaka, na lazima awepo mtu wa karibu wa kwenda kutazama mvua ikishanyesha. Wewe uliye Marafa au vijiji vya jirani, saa 2 zako kwenye mraba wenu zinahitajika msimu huu, na kunguru usimwache.