Siku yangu na kaya zisizojibu

Saa 1:30 asubuhi. Data za jana zimeshaingia kutoka kwenye vishikwambi vya wadadisi. Utafiti wetu wa matumizi ya kaya huwarudia watu walewale awamu baada ya awamu, kama ule wa taifa ulioanza Tanzania mwaka 2008/09 kwa kaya 3,265. Nafungua kwanza orodha ya wasiopatikana: waliohama, waliokataa, waliofunga nyumba.

Saa 3. Simu kwa mwenyekiti wa kijiji.

"Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba mwanangu. Huyo ameshauza shamba, yuko Kahama machimboni."

Mwingine ana madeni, hataki kuulizwa habari za pesa. Walioyumba na walioinuka ghafla ndio wanaotupotea. Wa katikati unawakuta nyumbani.

Saa 4:30. Kijana wa mafunzo kwa vitendo ananiita. "Dada, mapengo nimeyajaza kwa wastani, na wastani haujabadilika." Navuta kiti. Tunachukua kaya tano zinazotumia laki 2, 4, 6, 8 na 10 kwa mwezi. Wastani ni 6. Pima kila kaya iko mbali kiasi gani na wastani, zidisha umbali huo kwa wenyewe, jumlisha, gawa kwa 4: varianzi, yaani kipimo cha mtawanyiko, ni 10. Sasa tuseme kaya ya laki 2 na ya laki 10 hazikujibu, ukazijaza kwa 6. Wastani ni uleule, ila varianzi imeporomoka hadi 2. Maskini na tajiri wamefutwa kwa mpigo mmoja, na atakayesoma ripoti ataamini kwamba watu wanaishi karibu sawa. Hili linaniuma kuliko kosa lolote la hesabu, kwa sababu halionekani. Kijana anarudia hesabu kwa mkono wake, kimya, mpaka anapata 2.

Saa 7. Kikao cha bajeti. Naomba mafuta ya gari, tufuate kaya moja katika kila tatu zilizokosekana, zichaguliwe kwa bahati nasibu. Wanatakwimu Hansen na Hurwitz walionyesha njia hii Marekani mwaka 1946: dodoso hutumwa kwa posta, kisha sehemu ya wasiojibu hutembelewa, na kila aliyetembelewa hubeba uzito wa wenzake wasiotembelewa. Nakubaliwa nusu ya mafuta.

Saa 9. Kwa zitakazobaki, awamu iliyopita inatusaidia. Kaya iliyotumia kidogo juzi huwa haipishani sana na hapo leo, kwa hiyo nakadiria kutoka kwenye jibu lake la zamani, kisha naongeza au kupunguza kiasi kinachochaguliwa kwa bahati nasibu ili mtawanyiko usibanwe. Narudia ujazaji mara 20, kila mara napata jedwali jipya la data. Varianzi zikipishana sana kati ya jedwali na jedwali, najua mapengo bado yanatutawala. Mwanatakwimu Rubin alitaka upishano huo uingie kwenye kosa la makadirio, nami nauandika wazi kwenye jedwali la ripoti. Kwa waliohama njia hii ni dhaifu: maisha yao ya zamani hayasemi mengi kuhusu ya sasa.

Kwa hiyo saa 11, ninapowatumia wasimamizi orodha mpya, waliohama wamepewa kundi lao na sehemu kubwa ya mafuta.