Kupima mayai ya kasuku wa Fischer kwa tochi

Jike wa Fischer, kasuku mdogo aina ya lovebird, hutaga yai siku moja na kuruka inayofuata, kwa kawaida manne hadi sita, na huyaatamia kwa siku 23 hivi. Ukitaka kujua kama yana mbegu (yamerutubishwa), usiyapime mapema. Subiri yai lifikishe siku saba likiatamiwa, kisha gizani ligusishe kwenye tochi ndogo ya LED isiyochoma, upande wa butu, kwa sekunde chache tu. Nawa mikono kwanza, usilitikise.

Lenye mbegu huonyesha mishipa myekundu iliyotanda kama mizizi. La njano tupu halina mbegu. Ukiona pete ya damu bila mishipa, kiinitete (kifaranga kinachoanza kuumbika) kimekufa.

Mayai manane au zaidi, yote matupu? Huenda una majike wawili. Kwa macho dume na jike hawatofautiani, kipimo cha DNA ndicho huamua. Matupu yaache kiotani hadi jike ayasuse, maana ukiyaondoa hutaga mengine na kumaliza kalsiamu mwilini, hata yai likamkwama.

Vizazi viwili kwa mwaka vinatosha, kisha ondoa kiota. Na usimchanganye Fischer na jamaa yake mwenye kichwa cheusi: wanazaana, na machotara hao huharibu ukoo.