Kisahani cha Majivu

Majira ya baridi ya mwaka 2019 nilikuwa nikijitolea kila Alhamisi katika kituo kimoja cha London, si mbali na stesheni ya King's Cross, ambako watu wasio na makazi walikuja kuoga, kufua nguo na kunywa chai. Nilipangiwa kuwasaidia waliotaka kuacha sigara, na kwa kuwa mafunzo yangu yalikuwa ya siku mbili tu, nilikishikilia kipeperushi changu kama mwanafunzi anayeogopa mtihani.

Mzee wa kwanza kuketi mbele yangu alitoa mkebe wa bati uliojaa vipisi vya sigara alivyookota nje ya stesheni. Kila asubuhi alivipasua kwa ukucha, akatupa vichungi, kisha akaisokota upya tumbaku iliyobaki. Nilimwomba abane pumzi kwa sekunde 15, halafu apulize kipimo cha kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyomo katika moshi wa sigara. Ikatokea 34, ilhali asiyevuta kwa kawaida hupata chini ya 6. Nikaanza kumsomea: "Hatua ya kwanza, ondoa visahani vyote vya majivu nyumbani kwako."

Alinitazama, akauliza kwa upole, "Nyumbani wapi, mwanangu?"

Kwetu Tanga mvutaji hufukuzwa akavutie barazani. Mzee huyu, baraza ya duka ndiyo iliyokuwa chumba chake. Nilikifunga kipeperushi nikamwacha aseme. Alieleza kwamba sigara ilimsaidia kukesha, kwani anayelala fofofo barabarani huamka hana viatu. Aliwahi kupewa sigara ya kielektroniki, ikazimika siku ya pili kwa kukosa mahali pa kuichaji. Basi tukakubaliana atumie plasta za nikotini za miligramu 21, zinazobandikwa kwenye ngozi ili kupunguza hamu ya sigara, abandike moja kila asubuhi palepale kituoni baada ya kuoga na kujikausha vizuri, na pakiti itunzwe mapokezi, maana mifuko yake ilikuwa imeibwa mara mbili mwezi ule.

Alhamisi iliyofuata alikiendea kipimo hata kabla ya chai. Kilisoma 13. Alikiri kuwa amevuta mbili usiku wa kuamkia siku hiyo, mvua ilipomfukuza barazani, nami sikuona sababu ya kumkemea. Alipoketi, mkebe uligonga kiti kutoka mfukoni mwa koti, na kwa mlio wake nilijua haukuwa umejaa.