Charity Butler na wakili wa Gettysburg

Ukihamia hapa Lancaster, Pennsylvania, hukawii kusimuliwa habari za Thaddeus Stevens, na watu humsimulia kuanzia mwisho: mbunge mwenye ulimi mkali, adui wa utumwa, mzee mgonjwa aliyeshupalia Rais Andrew Johnson ang'olewe madarakani mwaka 1868. Mimi nimeanza kumsoma kuanzia mwanzo, na kuna mahali nimekwama.

Alizaliwa Vermont mwaka 1792, mguu mmoja umepinda. Baba, fundi viatu, aliitelekeza familia. Mama akahangaika mpaka mtoto akamaliza chuo cha Dartmouth. Mtihani wa uwakili aliufanyia Maryland, na mwenyewe alisimulia kwamba watahini walitaka kwanza mvinyo uwekwe mezani. (Kumbe chai ya wakubwa haikuanza kwetu.) Mwaka 1816 akafungua ofisi Gettysburg, kimji ambacho wakati huo hakikuwa na habari yoyote ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vilivyokuja kukipa jina.

Mwaka 1821 ikaja kesi ya Charity Butler. Kwa sheria ya Pennsylvania, mtumwa aliyeletwa jimboni akakaa miezi sita alikuwa huru. Charity aliletwa kutoka Maryland, akarudishwa, akaletwa tena. Stevens, akimtetea aliyedai kummiliki, alishikilia kwamba miezi sita lazima iwe mfululizo, haijumlishwi vipande vipande. Mahakama ya juu ya jimbo ikakubali. Charity na watoto wake wakabaki utumwani.

Kazi yangu ni ukalimani mahakamani, kwa hiyo hoja za namna hiyo nazijua kwa sauti yangu mwenyewe. Nimewahi kumwambia mama mmoja kwa Kiswahili kwamba siku zake hazikutimia. Aliniangalia mimi, wala si wakili aliyesema, akauliza, "Mwanangu, hata wewe?"

Rafiki yangu mmoja, wakili, haoni tatizo. Kwake wakili ni kama dereva wa teksi: mwenye nauli ndiye anayepelekwa. Lakini Stevens mwenyewe hakuendelea hivyo. Mwaka 1823, kwenye karamu ya Julai 4, alitamka hadharani kwamba anatamani rais ajaye awe mtu ambaye hajawahi kumfunga mtumwa pingu. Baadaye akawatetea watumwa watoro bila malipo. Mwaka 1838 alikataa kutia saini katiba mpya ya Pennsylvania kwa sababu iliwanyima Weusi kura.

Ubunge wa jimbo aliupata mwaka 1833. Miaka miwili baadaye Seneti ya jimbo ilipotaka kufuta sheria ya shule za bure, hotuba yake ndiyo iliyowageuza wawakilishi. Hiyo peke yake ingetosha kumpa mtu jina. Bunge la taifa, kule Washington, aliliingia mwaka 1849, na baada ya vita vile akaketi katika kamati iliyoandaa Marekebisho ya 14 ya Katiba, yale ya ulinzi sawa wa sheria kwa kila mtu. Hayakumridhisha. Juni 1866 alisimama bungeni akasema anayakubali pamoja na kasoro zake, kwa kuwa anaishi kati ya binadamu, si kati ya malaika.

Kaburini kwake, hapa mjini, imeandikwa kwamba alichagua makaburi haya kwa sababu mengine yalibagua rangi. Ni maneno mazuri na nayaamini. Ila naamini pia kwamba ugumu wake wote ule bungeni ulikuwa na deni la mwaka 1821 ndani yake. Rafiki yangu anasema hilo nimelitunga mimi, Stevens hakuliandika popote. Sawa. Mtu aliyejua kuhesabu miezi vile hakuhitaji kuliandika.